Filimbi ya Pua, si Mwanzi wa Pua

Mtafsiri akitafuta jina la ala ya mwanzi inayopulizwa kwa pua, la kwanza kumjia huwa "mwanzi wa pua". Jina zuri, ila lina mwenyewe. Kamusi ya Kiswahili-Kiingereza ya Johnson ya 1939 inalitaja kwa maana ya tundu la pua. Mwanzi wenyewe humo ni mmea, ni bomba lolote, na ni filimbi vilevile. Andika kwamba fulani "alipuliza mwanzi wa pua" na msomaji atadhani anapenga kamasi. Basi tuseme filimbi ya pua.

Mpigaji huziba tundu moja la pua kwa kidole gumba, akatoa pumzi kwa lile jingine. Pumzi hupiga ukingo wa kitobo kilichotobolewa karibu na kifundo cha mwanzi, hewa iliyomo ndani ikatikisika, na sauti ikatoka. Vitobo vya kuchezea vidole ni vichache, maana mkono mmoja tayari una kazi puani. Na kwa kuwa pumzi ya pua haina nguvu ya kinywa, sauti yake ni ya chini, ya kusikilizwa na aliye karibu. Watonga wa visiwa vya Pasifiki huiita fangufangu, na desturi yao ilikuwa kuwaamsha wakubwa kwayo taratibu alfajiri. Malkia Elizabeth II alipowatembelea Desemba 1953 aliamshwa hivyo hivyo.

Kuna kidubwasha kingine, cha mbao au plastiki, kinachofunika pua na mdomo kwa pamoja na kuuzwa kwa jina hilohilo la filimbi ya pua. Hakina bomba. Pumzi hushuka kutoka puani ikapita juu ya mdomo ulio wazi, na mdomo huo, kwa kutanuka na kubana, ndio unaopandisha na kushusha sauti. Hicho nakipendekezea jina la kipenga cha pua. Kukiita filimbi ni kukipa heshima isiyo yake.

Mwalimu wa muziki kule Wajir, Kenya, anayetaka kuifundisha filimbi ya pua ana tatizo jingine. Akitamka "filimbi" tu, nusu ya darasa itamwona refa. Mwanzi nao si mmea wa huko: mianzi ya asili ya Kenya humea nyanda za juu, Aberdare, Mlima Kenya na Mau, mara nyingi kupita mita 2,400, ilhali mji wa Wajir uko kwenye mita 240 hivi. Wasomali wa huko wana siinbaar, filimbi ya mdomo, na koor, kengele ya mbao inayoning'inia shingoni mwa ngamia. Ya pua sijaikuta kwao.

Hapo ningemshauri aazime chivoti ya Wadigo, filimbi ya mwanzi inayoshikwa ikikingama mdomoni. Mwanafunzi akiona pumzi ya mdomo inavyokatwa na ukingo wa kitobo, ameshaelewa kanuni yote. Kilichobaki ni kuuhamisha ukingo huo kutoka mdomoni hadi puani.

Ila asiichanganye filimbi na sauti inayosikika visimani. Mchungaji anayemhimiza ngamia anywe hupiga mluzi, foori kwa Kisomali, na ala yake ni midomo mitupu. Huo tuuache uitwe mluzi.