Sina Risasi, Sina Ganda

Mwezi uliopita nilipiga bunduki kwa mara ya kwanza maishani. Tulieni, hakuna mtu aliumia. Nilikuwa Uingereza kumtembelea binamu yangu, ambaye ni mwanajeshi katika jeshi lao. Ndio, Wakenya wako huko, kwa sababu jeshi la Uingereza huandika watu kutoka nchi za Jumuiya ya Madola. Sasa huyu binamu, wikendi ikifika, hupumzika kwa kufanya kitu ambacho kwangu kilikaa kama kurudi kazini: ni mwanachama wa klabu ya kulenga shabaha inayotumia uwanja ulio ndani ya kambi ya jeshi.

Akaniambia, "Jumamosi ni siku ya wageni. Kuja uone." Nikaenda. Tangu siku hiyo kuna kitu kimenikaa kichwani, na leo nataka kukitoa.

Kwanza mahali penyewe. Nilidhani nitapata watu wa misuli na miwani meusi, kama kwa sinema. Wapi! Baada ya kukaguliwa getini na kuonyesha pasipoti, tulifika kwa kajumba ka mbao chenye birika kubwa la chai, biskuti, na wazee wa sweta. Mmoja ni mwalimu mstaafu. Mwingine ni fundi wa umeme. Mama mmoja aliyekuwa muuguzi ndiye hushika daftari la kuandikisha watu. Hakuna hata mmoja anayelipwa. Huyu anapandisha bendera nyekundu kuonyesha kwamba watu wanapiga, yule anabandika vijikaratasi kwa matundu ya shabaha ili itumike tena, mwingine anaosha vikombe. Kama si mlio wa risasi ungedhani ni chama cha kanisa.

Kabla ya kuguswa na bunduki yoyote nilitia sahihi fomu, kusema kwamba sheria hainikatazi kushika silaha. Halafu nikapewa mzee mmoja wa kunisimamia, yeye na mimi tu, hakuna kuachwa peke yako hata dakika moja. Mzee mpole sana. Bunduki yake ilikuwa Lee-Enfield ya .303, ile ya kitako cha mbao. Kama umewahi kusafiri kaskazini mwa Kenya, pengine umeiona mgongoni mwa polisi wa akiba. Ni nzito, na inakupiga bega kama inakudai pesa.

Alinihesabia risasi kumi. Moja, mbili, tatu, mpaka kumi, kwa sauti. Nikapiga zote. Ya shabaha yangu tuachane nayo. Lakini nilipenda, sitawadanganya. Ukilala pale chini, unapumua pole pole, dunia nzima inakuwa hako kaduara keusi na wewe. Nilielewa kwa nini mtu mzima anaamka asubuhi na baridi kuja kufanya hivi bure.

Wakati wa chai mzee akanionyesha picha ya zamani ukutani na kuanza kunipa historia ya michezo hii. Manze, alijua mambo! Hebu niwape kwa ufupi, kwa sababu ni historia tamu.

Mwaka 1859 Waingereza walikuwa na hofu ya Ufaransa ya Napoleon III. Jeshi lao la kawaida lilikuwa limetawanyika kwa makoloni. Kwa hivyo mwezi wa Mei serikali ikaruhusu raia waunde vikosi vya kujitolea: makarani, wenye maduka, mafundi, mawakili. Mtu anafanya kazi yake mchana, jioni anajifunza kulenga. Mwaka huohuo ukaundwa muungano wa kitaifa wa bunduki, National Rifle Association, ule wa Uingereza, ambao ni mkubwa kwa umri kuliko ule wa Marekani mnaousikia kwa habari. Julai 1860 wakafanya mashindano yao ya kwanza pale Wimbledon. Ndio, Wimbledon hiyo ya tenisi, ila ilikuwa kwenye uwanja wazi wa nyasi. Malkia Victoria mwenyewe alifungua. Walimfungia bunduki ya Whitworth kwa kifaa cha kuishikilia, ikaelekezwa kwa shabaha umbali wa yadi 400, yeye akavuta tu kamba ya hariri. Risasi ikagonga karibu na katikati kabisa. Mwaka 1890 mashindano yakahamia Bisley, ambapo yanafanyika mpaka leo.

Halafu ikaja vita ya Makaburu mwaka 1899. Jeshi kubwa la ufalme likaenda Afrika Kusini na kupigwa vibaya na wakulima waliojua kulenga. Waingereza wakashtuka. Lord Roberts, jenerali maarufu wa wakati huo, akaanza kuhimiza kila mtaa uwe na klabu yake ya bunduki ndogo, hata wafanyakazi wa kawaida wajifunze. Vilabu vikazaliwa kila mahali, na roho ile ya kujitolea ndiyo niliyoiona Jumamosi kwa birika la chai.

Mzee alimaliza kwa maneno haya, nami nayatafsiri: "Hapa serikali iliwaamini watu wake."

Nilinyamaza. Sikuwa na jibu wakati huo. Jibu lilikuja nusu saa baadaye, na lilinijia vibaya.

Unajua, kwa viwanja vya jeshi la Uingereza huwezi kutoka hivi hivi tu. Kwanza mnaokota maganda ya risasi, yale ya shaba, na yanahesabiwa. Kumi ziliingia, maganda kumi yanatoka. Halafu mnasimama kwa mstari, na kila mtu anatamka kwamba hana risasi, hana ganda, wala kipande chochote chake. Kila mtu alisema haraka haraka, kama watoto wakijibu rejista. Ilipofika zamu yangu, sauti ikakwama.

Nilimkumbuka guka.

Guka wangu alikulia Nyeri wakati wa hali ya hatari. Alikuwa kijana wa miaka kumi hivi pale Waingereza walipowahamisha watu kwa nguvu kutoka mashambani mwao, wakawafungia kwa vijiji vilivyozungushiwa mitaro na miba. Siku moja akiwa anatafuta kuni aliokota ganda la risasi njiani. Linang'aa. Mtoto ni mtoto, akaliweka mfukoni aende acheze nalo. Mama yake alipoliona hakuuliza swali. Alimchapa kwanza, akalitupa chooni, kisha akakaa chini akalia. Guka alisema hakuwahi kumwona mamake akilia kabla ya siku hiyo, hata walipochomewa nyumba.

Sisi wajukuu tulizoea kumcheka guka kwa sababu hangekubali uokote kitu chochote cha chuma barabarani. Hata kifuniko cha soda! "Acha hiyo. Acha." Tulidhani ni uzee.

Sikiza sasa sheria ilisema nini. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952. Kwa kanuni zilizofuata, kupatikana na bunduki au risasi bila ruhusa likawa kosa la kunyongwa. Si lazima uwe umempiga mtu. Kuwa nayo tu. Serikali ya kikoloni iliwanyonga watu 1,090 kwa makosa ya vita ile ya Mau Mau, na mamia kati yao hawakuhukumiwa kwa kuua mtu yeyote, bali kwa kupatikana na silaha au risasi. Ni kweli ganda tupu si risasi. Lakini mwambie mama wa Kikuyu mwaka 1954 asimame mbele ya ngati, wale walinzi wa kijiji, aanze kueleza tofauti.

Hata Dedan Kimathi. Waulize watu wengi, watakwambia alinyongwa kwa kuongoza vita. Karatasi ya mashtaka haisemi hivyo. Alikamatwa tarehe 21 Oktoba 1956, akashtakiwa Nyeri kwa kupatikana na bastola moja na risasi sita. Risasi sita! Mimi Jumamosi nilipewa kumi na kikombe cha chai. Yeye alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957.

Na msiniambie ati shida ilikuwa Mwafrika hajui kutumia bunduki. Wao wenyewe ndio walitufundisha! Askari wa Keya, yaani KAR, walilala kwa viwanja vya shabaha kama nilivyolala mimi, wakashika .303 kama ile, kisha wakapelekwa Burma kumpigania mfalme dhidi ya Wajapani. Waruhiu Itote alikuwa mmoja wao. Alirudi nyumbani bila shamba, bila haki, na bila bunduki. Baadaye akaingia msituni, akawa Jenerali China. Alipokamatwa Januari 1954 alihukumiwa kifo, akaponea tu kwa sababu alikubali kusaidia katika mazungumzo ya kusalimu amri. Wenzake msituni walikuwa wakitengeneza bunduki kwa bomba la maji, komeo la mlango na mpira wa tairi la baisikeli. Wakati huohuo mlowezi alikuwa akila chakula cha jioni na bastola yake mezani, kando ya chumvi. Walowezi vijana walikuwa na kikosi chao, Kenya Regiment, kilichoundwa mwaka 1937 kwa ajili ya Wazungu.

Kwa hivyo mzee wangu wa sweta alikuwa amesema ukweli, ila nusu. Serikali iliwaamini watu *wake*. Neno zito hapo ni hilo la mwisho.

Tena hata huko kwao imani hiyo ilikuwa na mipaka. Mwaka 1920, baada ya vita kuu ya kwanza, wanajeshi wamerudi, wafanyakazi wanagoma, Urusi imepinduliwa, serikali iliogopa raia wake na ikapitisha sheria ya kudhibiti bunduki. Lakini ona: Mwingereza aliyepatikana bila cheti alikuwa akitazamia faini au kifungo. Kamba ilihifadhiwa kwa ajili yetu.

Naomba tuelewane. Siandiki ili kila Mkenya apewe bunduki, hapana. Mwaka 1996 kule Dunblane, Scotland, mtu mwenye silaha halali, aliyekuwa akifanya mazoezi kwa vilabu kama hivi, aliingia shuleni akaua watoto 16 na mwalimu wao. Mwaka uliofuata Uingereza ikapiga marufuku karibu bastola zote za raia. Ndio maana yale mahesabu ya Jumamosi hayakunikera hata kidogo. Kuhesabu kila risasi ni jambo la akili, na ni heshima kwa wale watoto.

Kinachonikera ni hesabu kufanywa kwa upande mmoja. Pale kwa kambi yao kuleee, ganda moja likipotea hakuna mtu anatoka. Lakini Archer's Post na Dol Dol, mahali ambapo jeshi hilohilo limefanya mazoezi kwa miaka mingi, wachungaji wa Kisamburu na Kimaasai waliachiwa mabomu ambayo hayakuwa yamelipuka. Watoto waliokota vitu vinavyong'aa kama alivyookota guka, na wengine wakapoteza mikono, wengine maisha. Mwaka 2002 wizara ya ulinzi ya Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 4.5 kwa zaidi ya watu 200. Huko nani alisimama kwa mstari akasema hana ganda, hana kipande?

Mwishowe nilitamka yale maneno. Sina risasi, sina ganda. Mzee alikuwa ameona nimekwama, akanifuata hadi kwa gari akaniuliza kama niko sawa. Nikamweleza. Guka, mama yake, choo, Kimathi, risasi sita. Nilidhani atajitetea. Hakujitetea. Alivua kofia yake, akaishika mkononi kwa muda, kisha akasema, "Hatukufundishwa hayo." Halafu akauliza guka aliitwa nani. Nikamwambia jina. Akalirudia vibaya, nikamrekebisha, akalirudia tena mpaka likakaa sawa.

Sijui kama ataongeza kitu kwa ule ukuta wa picha, na si kazi yangu kumlazimisha. Kazi yangu ni huku kwetu, kwa sababu hata sisi hatukufundishwa vizuri. Kimathi ana sanamu katikati ya Nairobi, lakini ni wangapi kati yetu tunajua alinyongewa nini hasa? Guka aliaga kabla sijajua swali la kumuuliza. Kama wako bado yupo, chukua simu leo, mpigie. Usianze na maswali makubwa ya vita na uhuru. Muulize tu ni kitu gani alikatazwa kuokota akiwa mdogo.

Jioni hiyo, tulipofika nyumbani kwa binamu, nilipekua mifuko ya jaketi yangu. Hakukuwa na kitu. Kabla ya kulala nikaamka nikapekua tena.