Viungo vya Lazima: Kazi ya Hakimu katika Mashindano ya Kubuni Visa, Unguja



1. Utangulizi

Mpishi wa Unguja akiletewa iliki, karafuu na mdalasini, hasifiwi kwa sababu ya kuvitia vyote chunguni. Mtoto naye anaweza kufanya hivyo. Husifiwa pale mlaji anapotambua kwamba kiungo kimoja kingekosekana, chakula kile kisingekuwa kile. Mhadhara huu unahusu kipimo hicho, si katika upishi bali katika ubunifu wa visa, na unahusu hasa mtu ambaye historia ya fasihi humtaja kwa nadra, naye ni hakimu.

Mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson walichapisha nchini Marekani mchezo uitwao Dungeons & Dragons. Katika mchezo huo wachezaji hukaa pamoja, kila mmoja akawa mhusika wa kubuni katika nchi ya ajabu yenye mazimwi na hazina, na mmoja wao huwa kiongozi anayewasimulia hali wanazokutana nazo. Kutokana na michezo ya aina hiyo yamezuka mashindano ya kuandika visa vya kuchezwa. Mojawapo ya aina za mashindano hayo lina utaratibu unaostahili kuangaliwa na wanafasihi: washindani hupewa orodha ya viungo vya lazima, yaani vitu, watu au mahali ambavyo havina budi kuonekana katika kisa, na huandika kwa muda mfupi. Hakimu haulizi tu kama viungo vimo. Huuliza kama vimefumwa au vimebandikwa.

Swali langu ni hili: je, Unguja ina historia yake ya hukumu ya namna hiyo? Naona kwamba inayo, na kwamba historia hiyo inatufundisha jambo moja. Sharti linalotajwa waziwazi haliudhuru ubunifu. Mara nyingi huuamsha. Linaloudhuru ni sharti lisilotajwa, ambalo hakimu huja nalo moyoni na kulipimia kazi za watu bila ya wao kulijua.

2. Changarawe za mwana mdogo

Tuanze na hadithi za mdomo. Mwaka 1870 Edward Steere, mmisionari Mwingereza aliyekuwa amekaa Unguja, alichapisha mjini London mkusanyo wa hadithi za Kiswahili alizozipata kwa wenyeji wa hapa. Miongoni mwake imo hadithi ya Sultani Majinuni. Sultani huyo alikuwa na mtende, na kila zilipoiva tende ndege alikuja akazila. Wana wakubwa walipelekwa kuulinda mmoja baada ya mmoja, na wote walishindwa. Akabaki mwana mdogo, ambaye baba yake hakumhesabu kuwa kitu. Huyu alikwenda na bisi za mahindi pamoja na changarawe. Alikaa akitafuna bisi, na usingizi ulipomzidi alitia changarawe kinywani. Zilipokwaruza meno, alizindukana.

Naomba tuziangalie changarawe hizo. Ni kitu duni kuliko vyote vilivyomo katika hadithi yenye sultani na ndege wa ajabu. Lakini ziondoe, na mwana mdogo atalala kama ndugu zake, ndege atakula tende, na hadithi itakwisha. Hiki ndicho kiungo kilichofumwa. Msimulizi hakuhitaji kutueleza kwamba kijana alikuwa na akili. Changarawe zimelisema hilo.

Hadithi hiyohiyo ina hakimu wake. Paka wa sultani aliachiwa kula wanyama, kisha watu, mpaka akawa nunda. Mwana mdogo alitoka kwenda kumsaka. Kila alipoua mnyama alimleta nyumbani akidhani amempata, na mama yake alimjibu kwamba huyo siye. Mama hakuwa na chuki, kwani huyo alikuwa mwanawe na alimwogopea maisha yake. Hata hivyo hakumdanganya. Alijua nunda ni nini kabla mnyama wa kwanza hajaletwa, na kipimo chake hakikubadilika kutoka mnyama mmoja hadi mwingine. Nunda wa kweli alipouawa, mama huyohuyo ndiye aliyekiri.

Nje ya hadithi, hukumu ilikuwa mikononi mwa hadhira. Anayetega kitendawili husema, nao wanaotegua hujibu. Wakishindwa hudaiwa mji, na mtegaji huupokea kabla ya kutoa jibu. Jibu hilo nalo hupimwa na wote waliopo: kama maneno ya kitendawili hayakuingia sawasawa katika jibu, mtegaji huzomewa. Kanuni zilijulikana kwa kila aliyekaa barazani. Mshindani na hakimu walikula chungu kimoja.

3. Hukumu yahamia ofisini

Hali hiyo ilibadilika katika karne ya ishirini. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa uliichagua lahaja ya Kiunguja, yaani Kiswahili cha mjini Unguja, kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya nchi za Afrika Mashariki, ambayo mwaka 1964 iligeuzwa kuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam. Pamoja na kazi ya kamusi na sarufi, Kamati ilipitia vitabu vilivyokusudiwa kusomeshwa shuleni na kuvitia idhini yake, na iliendesha mashindano ya uandishi. Mwaka 1948 Halmashauri ya Vitabu ya Afrika Mashariki ilianzishwa, nayo pia ikachukua kazi ya kuwatafuta waandishi, kuwachapisha na kuwashindanisha.

Si haki kuzidharau juhudi hizo. Mashindano yaliwapa waandishi njia ya kufika kwa mchapishaji bila ya kuwa na jamaa mwenye cheo. Lakini hakimu alikuwa ameondoka barazani. Sasa alikaa Nairobi au Dar es Salaam, akisoma karatasi za mtu asiyemwona. Juu ya hayo, palikuwa na kiungo kimoja cha lazima katika kila kazi, kiwe kimeandikwa katika tangazo au hakikuandikwa: lugha iwe ile iliyosanifiwa. Kwa mtu wa Mji Mkongwe hilo lilikuwa jambo jepesi, maana alitakiwa aandike kwa lugha iliyokaribiana mno na ya nyumbani kwake. Mtu wa Makunduchi mwenye Kikae chake, au wa kisiwa cha Tumbatu mwenye Kitumbatu chake, alitakiwa kwanza ahame ndani ya kisiwa chake mwenyewe ndipo aanze kubuni.

4. Mzimu uliokubaliwa

Hapo ndipo tunapokutana na Muhammed Said Abdulla. Alizaliwa Makunduchi mwaka 1918. Alifanya kazi katika idara ya afya, kisha akaingia katika uandishi wa habari, na tangu mwaka 1958 alikuwa mhariri wa gazeti la *Mkulima* mpaka alipostaafu mwaka 1968. Katika mashindano ya kuandika hadithi za Kiswahili ya mwaka 1957 hadi 1958, yaliyoendeshwa na Halmashauri ya Vitabu, kazi yake *Mzimu wa Watu wa Kale* ilipata tuzo ya kwanza. Ilichapishwa mwaka 1960, na kwa kawaida wahakiki huihesabu kuwa mwanzo wa riwaya ya upelelezi katika Kiswahili.

Tukiipima riwaya hiyo kwa kipimo cha viungo, tunakuta vya aina mbili. Vya kwanza vimetoka ng'ambo: mpelelezi asiye askari, mwenye kiko mdomoni na mantiki kali, na rafiki anayefuatana naye. Bwana Msa na Najum wana nasaba inayoonekana waziwazi na Sherlock Holmes na Watson wa Arthur Conan Doyle. Cha pili ni cha hapa, nacho ni mzimu, yaani mahali pa kale panapoheshimiwa na kuogopwa, ambapo watu huweka nadhiri na kutoa ubani. Unguja ina mahali pengi pa aina hiyo, hususan katika mapango ya mawe ya matumbawe ya kusini na mashariki.

Je, mzimu huo umefumwa au umebandikwa? Mwandishi dhaifu angeutumia kama pambo, apate kumwonyesha msomaji wa mbali kwamba kisa kimetokea Afrika. Abdulla hakufanya hivyo. Maiti imekutwa mzimuni, na kwa hiyo swali la kila hadithi ya upelelezi, yaani nani ameua, linageuka kuwa swali jingine zito zaidi: je, huu ni mkono wa mizimu au wa binadamu? Hofu ya watu juu ya mahali pale ni sehemu ya fumbo lenyewe. Ukiuondoa mzimu, Bwana Msa atabaki na kazi ya polisi tu, na hatakuwa na hoja ya kujenga dhidi ya imani za jirani zake. Mzimu katika riwaya hii ni kama changarawe katika hadithi ya mwana mdogo.

Hata hivyo lazima tuulize pia hakimu alikubali nini alipoikubali kazi hiyo. Mzimu uliingia katika fasihi iliyotuzwa kwa sharti la kushindwa na akili ya mpelelezi. Tena mtoto wa Makunduchi, mji ambao kila mwaka husherehekea Mwaka Kogwa, aliuandika mzimu kwa lugha ya mjini. Simlaumu mwandishi, huenda hayo ndiyo aliyoyataka na aliyoyaamini, na Kiswahili chake kina raha ambayo wengi wameitamani bila ya kuifikia. Ninachosema ni kwamba kazi ikishatuzwa huwa kipimo cha zile zifuatazo. Kazi ambayo ingeusimulia mzimu kwa Kikae, kwa jicho la anayeuamini, haikuwa na mahali pa kupelekwa. Hatuwezi kuihesabu hasara hiyo, kwa kuwa kazi isiyoandikwa haiachi karatasi.

5. Giningi, au kiungo kimoja katika mikono miwili

Njia nyingine ya kumfahamu hakimu ni kutazama kiungo kimoja kikipita kwa waandishi wawili. Watu wa Unguja wanaijua Giningi, nchi ya wachawi isiyoonekana kwa macho ya kawaida. Mwaka 1968 Abdulla alichapisha *Kisima cha Giningi*, riwaya nyingine ya Bwana Msa, na hapo jina lenyewe la nchi ya uchawi limeingizwa katika uwanja wa upelelezi. Mwaka 1990 Said Ahmed Mohamed, naye pia mzaliwa wa Unguja, alichapisha tamthilia yake *Kivuli Kinaishi*. Humo Giningi ni dola kamili inayotawaliwa na Bi Kirembwe, ambaye huwalisha raia unga wa ndere wapotewe na fikra zao wenyewe.

Kiungo ni kimoja, kazi ni mbili. Kwa Abdulla, Giningi ni fumbo linalosubiri kufumbuliwa. Kwa Said Ahmed Mohamed, uchawi haufumbuliwi kwa kiko na mantiki, kwa sababu umekuwa utawala, na anayeuona hana budi kupambana nao. Hakimu aliyezoea kazi ya kwanza angeweza kuiona ya pili kuwa imekosea, eti haikufanya lile linalofanywa na Giningi. Hakimu mwema angeuliza swali la changarawe peke yake: ukiiondoa Giningi, kitabaki nini? Jibu ni kwamba hakitabaki kitu, katika kazi zote mbili, na kwa hiyo zote mbili zimetimiza sharti kwa njia zisizofanana.

6. Hitimisho

Mabibi na mabwana, mashindano hayajakoma. Mwaka 2014 ilianzishwa Tuzo ya Fasihi ya Kiafrika ya Mabati-Cornell, ambayo baadaye iliitwa Safal-Cornell, na mwaka 2015 mkusanyo wa mashairi wa Mohammed Khelef Ghassany, *N'na Kwetu*, ulikuwa miongoni mwa kazi za mwanzo kushinda. Mwaka 2023 zilitolewa kwa mara ya kwanza tuzo za taifa za uandishi bunifu zenye jina la Mwalimu Nyerere. Baraza la Kiswahili la Zanzibar nalo limekwisha kuchapisha kamusi za lahaja, zikiwemo za Kikae, Kitumbatu na Kipemba. Kwa hiyo hakimu wa leo hana udhuru wa kusema kwamba maneno ya Makunduchi hayamo kitabuni.

Napendekeza mambo matatu kwa wale watakaokalia kiti hicho. Kwanza, masharti yote yatajwe, likiwemo la lugha. Kama lahaja haikubaliwi, na isemwe, ili mshindani ajue mlango uko wapi na sisi tujue tumemfungia nani. Pili, kiungo kipimwe kwa uzito wake katika kisa, si kwa idadi ya mara kilizotajwa. Tatu, hakimu aandike sababu za hukumu yake na ampelekee aliyeshindwa, si aliyeshinda tu. Aliyeshinda atapata kitabu na fedha. Aliyeshindwa hana atakachorudi nacho nyumbani isipokuwa maelezo hayo.

Mama wa mwana mdogo alikataa wanyama wengi. Lakini kila alipokataa, mwanawe alirudi porini akijua zaidi kuliko alivyojua alipotoka, na mwishowe nunda alipatikana. Laiti angenyamaza tu, au angemsifu kwa mnyama wa kwanza, nunda angeendelea kula watu.