Chupa ya Mtoto Mchanga Baina ya Kariakoo na Posta

Waandishi wa habari za mji wa Dar es Salaam huanza aghalabu na Sultani Majid bin Said, aliyeanza kujenga hapo katika miaka ya 1860, kisha huingia katika utawala wa Wajerumani, reli ya kati, bandari na harakati za uhuru. Mambo hayo yastahili kuandikwa. Walakini mji haukaliwi na masultani na magavana tu. Tangu wanawake waliposhika kazi za mshahara katika maofisi na maduka ya upande wa Posta, limekuwapo kila asubuhi swali ambalo halikupata nafasi kubwa katika vitabu hivyo: mtoto mchanga aliyeachwa nyumbani atanyonya nini mpaka mama arudi, na atalishwa kwa chombo gani? Kwa wengi jibu lilikuwa chupa. Na habari ya chupa, ikichunguzwa, ni habari ya maji, ya moto, na ya urefu wa njia kutoka kazini hadi nyumbani.

Zamani pwani haikuhitaji chombo hicho. Mtoto alinyonya ziwa la mama yake, na kwa Waislamu muda wa miaka miwili uliotajwa katika Kurani ulikuwa kipimo kinachojulikana. Ilikuwapo pia imani ya kubemenda: kwamba wazazi wasiojizuia kabla ya mtoto kuacha ziwa humdhoofisha, akakonda na kuchelewa kutembea. Sayansi haiikubali imani hiyo, lakini haikosi kuwa na kazi yake, maana ilichelewesha mimba ya pili ikamwachia mtoto haki yake ya kunyonya. Ubaya wake ulionekana baadaye, chupa ilipokuja: mtoto aliyekonda kwa kuharisha, kwa sababu ya maziwa yaliyozimuliwa au chuchu ya mpira iliyooza, aliweza kuhesabiwa kuwa amebemendwa. Aibu ikawashukia wazazi, na chombo kikabaki katika beseni lake bila kushukiwa.

Liko jambo la pili ambalo mgeni hulipita bila kuliona. Katika sheria ya Kiislamu, mwanamke akimnyonyesha mtoto asiye wake huwa mama yake wa kunyonya, na watoto wake huwa ndugu zake, wasioweza kuoana naye. Madhehebu ya Shafi, yafuatwayo na Waislamu wengi wa pwani, hutaka kunyonya mara tano kabla mtoto hajatimiza miaka miwili ndipo udugu uthibitike. Basi mama mlezi wa Kariakoo, anayekaa na watoto watatu au wanne wa majirani, hawezi kumpa ziwa mtoto wa mtu kwa sababu tu analia. Ndoa za miaka ishirini mbele zingevurugika katika mtaa mmoja. Atatumia kikombe na kijiko, au atatumia chupa.

Chupa yenyewe ilikuwa na historia mbaya huko ilikotoka. Katika Uingereza na Ufaransa za karne ya 19 ilienea chupa bapa yenye mrija mrefu wa mpira, ambao mwisho wake ulitiwa chuchu. Mtoto aliweza kunyonya peke yake amelala, na mlezi akaendelea na kazi. Akina mama waliipenda kwa sababu hiyo hiyo. Kumbe mrija ule haukuweza kusafishwa ndani, maziwa yaliganda humo na vijidudu vikazaliana, na watoto wakafa kwa wingi hata Waingereza wakaiita chupa ya mauaji. Ufaransa iliipiga marufuku kwa sheria ya mwaka 1910. Badala yake ikapendelewa chupa iliyofanana na mashua, yenye tundu huku na huku, ili maji yapite moja kwa moja na mkono uione takataka. Hili ni la kushikwa: uzuri wa chupa haukuwa katika kumpendeza mtoto wala kumpumzisha mlezi, bali katika kukubali kwake kusafishwa. Kila mabadiliko ya umbo yaliyokuja baadaye yapaswa kupimwa kwa kanuni hii.

Dar es Salaam ilipopangwa na wakoloni, maji safi na watu viligawanywa pamoja. Upande wa bahari zilijengwa nyumba za Wazungu, na hospitali ya Ocean Road, iliyojengwa na Wajerumani mwaka 1897, ilikuwa yao. Kati palikuwa na maduka na nyumba za Wahindi. Ng'ambo ya kiwanja cha Mnazi Mmoja, kilichoachwa wazi ili kutenga mitaa, palikuwa pa Waafrika. Na hapo ndipo Waingereza walipoweka kambi ya wapagazi wao, Carrier Corps, katika Vita Kuu ya kwanza, watu wakalitamka jina hilo Kariakoo. Katika nyumba za upande wa bahari chupa za watoto aghalabu zilioshwa na yaya. Alifunzwa kuchemsha, kusugua na kupanga, katika jiko lenye bomba na kuni zilizolipiwa na mwingine. Jioni alivuka Mnazi Mmoja kurudi kwake akiwa na ujuzi wote huo kichwani, lakini bomba na kuni vilibaki alikotoka.

Baada ya uhuru mambo yaligeuka upesi. Barabara iliyokuwa Acacia Avenue ikawa Independence, na baadaye Samora. Na katika maofisi yake waliingia wanawake wa Kiafrika, wapiga taipu, makarani, wauguzi, wauza duka. Umoja wa Wanawake wa Tanganyika ulianzishwa mwaka 1962, mwenyekiti wake wa kwanza akiwa Bibi Titi Mohamed, na malezi ya watoto wa mchana yakawa mojawapo ya kazi zake. Mwaka 1975 sheria ya ajira ilibadilishwa ili likizo ya uzazi yenye malipo imhusu kila mwanamke, aliyeolewa na asiyeolewa. Likizo hiyo ilikuwa siku 84. Siku ya 85 mtoto hajatimiza hata miezi mitatu.

Wakati huo, mama aliyefanya kazi Posta na kukaa Mtaa wa Sikukuu au Mkunguni alikuwa na neema moja ambayo haikuandikwa katika sheria yoyote: miguu yake. Kutoka Samora hadi Kariakoo ni mwendo wa nusu saa au pungufu. Mwenye mkubwa wa kazi mwema aliweza kutoka adhuhuri, akanyonyesha, akarudi. Chupa ilijazia tu saa zilizobaki.

Yafaa kuutazama uani wa nyumba ya Kiswahili, maana ndipo chupa ilipohukumiwa. Nyumba ina vyumba sita, vitatu kila upande wa ukumbi, na kila chumba kina wapangaji wake. Nyuma kuna ua, jiko, choo na mahali pa kufulia. Mtambo wa maji wa Ruvu Juu ulianza kazi mwaka 1959 na wa Ruvu Chini mwaka 1976, lakini mji ulikua kuliko mabomba yake, na ndoo ilibaki kuwa kipimo cha maji. Mama mlezi mwenye watoto wanne, kila mmoja akila mara tatu kabla ya mama yake kurudi, ana chupa kumi na mbili za kuoshwa kwa siku. Kila moja yataka kusuuzwa mara tu mtoto amalizapo, kabla maziwa hayajagandamana. Kisha kusuguliwa kwa maji moto na sabuni, chuchu igeuzwe ndani nje na kupitishiwa maji katika kitundu chake. Kisha zote zizamishwe katika sufuria la maji yanayochemka kwa dakika kadhaa, zitolewe, zikauke zenyewe bila kufutwa kwa kitambaa. Kitambaa huharibu kazi yote. Mahali pasipokuwa na burashi, chupa yenye shingo nyembamba ilitiwa punje za mchele au mchanga safi, ikatikiswa. Hung'arisha tumbo la chupa, lakini haifiki penye mzingo wa shingo, ambapo utando wa mafuta hukaa.

Hesabu ya makaa haikosi kuingia hapa. Sufuria moja la kuchemshia chupa, asubuhi na adhuhuri, hula makaa ambayo yangepika maharage ya nyumba nzima. Mlezi anayelipwa fedha kidogo kwa mwezi kwa kila mtoto hana budi kuchagua, na si haki kumwita mchafu kwa uchaguzi ambao umaskini umekwisha mfanyia. Maonyo mengi yaliyoandikwa juu ya chupa yana kosa hili: yalimsemesha mama na mlezi kana kwamba elimu peke yake ndiyo iliyopungua, na makaa hayakutajwa.

Wataalamu wa tiba walikwisha kuiona hatari mapema. Mwaka 1939 daktari Cicely Williams, aliyekuwa amepata kufanya kazi Gold Coast, alihutubu Singapore akiwashutumu waliowapa akina mama maziwa matamu ya kopo kuwa chakula cha watoto wachanga. Hotuba yake aliipa jina la maziwa na mauaji. Karibu zaidi na sisi, Derrick Jelliffe alifundisha tiba ya watoto katika Chuo Kikuu cha Makerere mjini Kampala katika miaka ya 1960, na akawa miongoni mwa waliopinga kwa nguvu utapiamlo uletwao na matangazo ya biashara. Mwaka 1974 kijitabu kilichotolewa Uingereza na shirika la War on Want kiliufanya mjadala huo kuwa wa dunia nzima. Mei 1981 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulikubali kanuni za biashara ya vyakula vinavyochukua nafasi ya maziwa ya mama, kwa kura 118 dhidi ya moja, ambayo ni ya Marekani. Kanuni hizo hazikugusa maziwa ya kopo peke yake. Ziligusa na chupa na chuchu.

Tanzania haikuwa nyuma. Taasisi ya Chakula na Lishe iliundwa kwa sheria ya mwaka 1973, na kwa miaka mingi ofisi zake zilikuwa Ocean Road, mwendo mfupi kutoka maofisi ya Posta. Mwaka 1975 kampeni ya Chakula ni Uhai ilipitishwa redioni na katika vikundi vya kusoma. Kipindupindu kilipoenea kuanzia mwaka 1977, habari ya kuchemsha maji ikawa ya kila nyumba. Mwaka 1994 nchi ilitunga kanuni zake za kuzuia matangazo ya maziwa ya watoto na vyombo vyake, zikafanywa upya mwaka 2013. Sheria ya vituo vya kulelea watoto mchana, ya mwaka 1981, iliwahusu watoto wa miaka miwili hadi sita. Walio chini ya hapo, ndio wenye chupa, waliendelea kulelewa uani, pasipo mkaguzi.

UKIMWI ulileta mtihani mpya. Mpango wa kuzuia mtoto asiambukizwe na mamaye ulianza nchini mwaka 2000, na akina mama wenye virusi walitakiwa kuchagua baina ya ziwa na kopo, ikiwa kopo litapatikana kwa usalama na bila kukatika. Ndipo chupa iliyokuwa alama ya maendeleo ikageuka kuwa alama ya kushukiwa. Mama aliyeonekana nayo barazani alinong'onwa. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo uliotilia nguvu kunyonyesha pamoja na kutumia dawa.

Katika maduka ya Kariakoo ya siku hizi chupa ni nyingi kuliko zamani: za kioo, za plastiki, zenye shingo pana, zenye mishikio, zenye mirija na vali za kuzuia hewa. Umoja wa Ulaya ulikataza mwaka 2011 chupa za watoto zenye kemikali ya bisifenoli A. Na mwaka 2020 wachunguzi wa Dublin walionyesha kwamba chupa za plastiki ya polipropilini, zikitiwa maji ya moto sana, humwaga chembe za plastiki kwa mamilioni katika kila lita. Hapo mlezi amebanwa pande mbili, kwa kuwa maziwa ya unga si safi ya vijidudu, na mwongozo wa mwaka 2007 wataka yakorogwe kwa maji yasiyopungua nyuzi 70. Chupa ya kioo yenye shingo pana ingemfaa, lakini huvunjika penye sakafu ya saruji. Kuhusu zile zenye mirija na vali ndani, mwenye kukumbuka habari ya mwaka 1910 atazitazama kwa mashaka. Kikombe kidogo kisicho na kona huoshwa kwa kidole na sabuni ya mche, na waganga wa watoto wamekipendekeza kwa muda mrefu. Kinataka tu mtu wa kukaa na mtoto, mmoja mmoja, mpaka amalize.

Sheria ya ajira ya mwaka 2004 inampa mama anayenyonyesha ruhusa ya hadi saa mbili kwa siku katika saa za kazi. Kwa mama wa Mtaa wa Sikukuu katika miaka ya 1960 saa hizo zingetosha na kubaki. Lakini Kariakoo imekuwa ya maghorofa na maduka, na kodi zimewasukuma wapangaji wengi hadi Mbagala, Gongo la Mboto na Kimara. Anayetoka Posta adhuhuri kwenda Mbagala hutumia muda mwingi wa ruhusa yake ndani ya basi, na saa mbili zikiisha huenda bado yuko barabarani. Kwa hiyo wengine hukamua maziwa yao alfajiri, wakayaacha kwa mlezi. Na maziwa hayo, katika joto la mji huu, hayapaswi kukaa nje ya barafu zaidi ya saa nne. Mlezi huyapokea katika chupa iliyobandikwa jina la mtoto kwa utepe, akaiweka chini ya mtungi wa maji penye ubaridi kidogo, akatazama saa.