Salio la kadi ya mkopo ni deni, si akiba

NENO ‘salio’ limezoeleka kumaanisha pesa zilizobaki. Anayetazama salio la akaunti yake ya akiba au la M-Pesa huona mali yake. Lakini katika taarifa ya kadi ya mkopo, ambayo benki humtumia mteja kila mwezi, neno hilo lina maana iliyo kinyume: ni kiasi anachodaiwa.

Taarifa hiyo huwa na tarakimu tatu zinazofaa kutofautishwa.

Ya kwanza ni salio la taarifa, yaani deni lote jinsi lilivyokuwa siku benki ilipofunga hesabu za mwezi. Huchukuliwa deni la mwezi uliotangulia, yakaondolewa malipo yaliyopokelewa, kisha yakaongezwa manunuzi mapya, riba na ada. Bidhaa iliyonunuliwa siku moja baada ya hesabu kufungwa itajitokeza katika taarifa inayofuata. Ndiyo maana deni la leo laweza kuwa kubwa kuliko lililochapishwa.

Ya pili ni kiasi ambacho mteja bado anaruhusiwa kutumia. Kikomo cha mkopo kikiwa Sh100,000 na deni Sh20,000, husalia Sh80,000. Hizo si pesa za mteja. Akizigusa, deni lake limeongezeka.

Ya tatu ni kiwango cha chini cha malipo, na hapa ndipo wengi hunaswa. Anayelipa kiwango hicho kabla ya tarehe ya mwisho huepuka faini ya kuchelewa, lakini haepuki riba.

Tuchukue mfano wa deni la Sh20,000, riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi na kiwango cha chini cha asilimia 10. Mteja akilipa Sh2,000, hubaki Sh18,000. Riba ya Sh630 huongezwa, na deni huwa Sh18,630. Akiendelea hivyo kwa miezi 12 bila kununua chochote, atakuwa amelipa takriban Sh16,700, na bado atadaiwa Sh8,500. Zaidi ya Sh5,000 zitakuwa zimemezwa na riba.

Kwa kawaida, anayelipa salio lote la taarifa kufikia tarehe ya mwisho hatozwi riba kwa bidhaa alizonunua. Nafuu hiyo haihusu pesa taslimu zinazotolewa kwa kadi kwenye mashine ya ATM. Hizo aghalabu hutozwa ada, na riba huanza kuhesabiwa siku iyo hiyo.

Ni vyema mteja ahifadhi risiti, azilinganishe na taarifa na kuiarifu benki mapema aonapo malipo asiyoyatambua. Akishindwa kulipa, jina lake laweza kuwasilishwa kwa mashirika ya CRB, na ikawa vigumu kupata mkopo kwingineko.

Wahenga walinena kuwa dawa ya deni ni kulipa. Kwa mwenye kadi, dawa hiyo ni kulipa salio lote, wala si kiwango cha chini.