Mjumbe

Mitundu, katika Halmashauri ya Itigi mkoani Singida, ukisema "mjumbe" wazee humkumbuka wa nyumba kumi, aliyejua nani amefiwa na nani ana mgeni. Katika mkutano wa ushirika, neno hilohilo humtaja mtu wa bodi aliyechaguliwa na wakulima wenzake.

Naipenda tafsiri hii ya mtu wa bodi. Kwa Kiingereza, anayekaa kwenye bodi ya kampuni huitwa kwa jina tulilolitafsiri "mkurugenzi". Lakini kwetu mkurugenzi ni mkuu wa ofisi, mwenye muhuri na gari. Wa bodini tukamwita mjumbe, yaani aliyetumwa. Neno lenyewe linauliza: katumwa na nani?

Swali hilo limefika mbali. Mwaka 2020 jimbo la California, Marekani, lilitunga sheria ya kuzitaka kampuni zilizoorodheshwa kwenye soko la hisa, zenye makao makuu jimboni humo, ziweke bodini watu wa jamii zilizoachwa nje, wakiwamo wenye asili ya Amerika ya Kilatini. Mwaka 2022 mahakama ikaitengua. Wenye asili hiyo ni karibu mtu mmoja kati ya watano nchini humo, ila bodini ni wachache mno, na hilo linauma.

Siku hizi kuna "mjumbe huru", asiye mwajiriwa wala mwenye hisa kubwa. Maneno hayo mawili yanavutana, nami sioni haja ya kuyapatanisha: uhuru wake ni dhidi ya menejimenti, si dhidi ya waliomtuma.