Nani Atabaki Wodini?

Kabla ya barabara ya Kibwezi, Mutomo na Kitui kuwekwa lami, safari ya kilomita 70 hivi kutoka Mutomo hadi mjini Kitui ilipimwa kwa saa. Kiangazi, vumbi jekundu liliwafunika abiria tangu nywele hadi viatu. Mvua iliponyesha, mito ya msimu ilikata njia na watu wakasubiri ukingoni hadi maji yapungue. Muuguzi aliyepata nafasi ya kwenda kuongeza masomo Nairobi alikuwa na swali zito kuliko karo na pa kulala: akiondoka, nani atabaki wodini?

Historia ya elimu ya afya kusini mwa Kitui, na ng'ambo ya mto Athi huko Makueni, imezunguka swali hilo kwa zaidi ya miaka 60. Redio, barua, kompyuta na simu zilikuja kwa zamu, na kila moja ilipimwa kwa jambo lilelile: je, inamwezesha mtu kusoma bila kumwacha mgonjwa?

Kusomea kazini kwenyewe si jambo geni kwa Wakamba, wenyeji wa eneo hili. Mundu mue, mganga wa jadi, hakuwa na darasa. Aliyetarajiwa kurithi kazi alifuatana na mkubwa wake, akachimba mizizi naye, akasikiliza jinsi anavyomhoji mgonjwa. Wamisionari walipoleta hospitali, walileta pia vitabu, mitihani na vyeti, lakini mwanafunzi aliendelea kusimama kando ya kitanda. Masista wa Huruma kutoka Ireland walifika Kenya mwaka 1956, mwaka uleule Kanisa Katoliki lilipoifanya Kitui eneo la kitume linalojitegemea. Katika miaka ya 1960 walijenga hospitali ya Our Lady of Lourdes pale Mutomo, ambayo baadaye ikawa pia mahali pa kufundishia wauguzi. Kwa nchi kame ambako daktari mmoja huhudumia vijiji vingi, wodi ndiyo iliyokuwa darasa kuu.

Chombo cha kwanza kilichovuka vumbi lile kilikuwa redio. Mwaka 1957 madaktari watatu wa upasuaji, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, waliasisi shirika ambalo leo linaitwa Amref, likijulikana zaidi wakati huo kwa jina la Madaktari wa Ndege wa Afrika Mashariki. Ndege zake ziliruka kutoka Uwanja wa Wilson, Nairobi, lakini ndege haiwezi kwenda kila mahali kila siku. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, hospitali za misheni na zahanati za mbali ziliunganishwa kwa redio za masafa ya juu. Saa iliyopangwa ikifika, muuguzi alibonyeza kitufe, akaeleza dalili, kisha akaachia kitufe asikilize jibu. Jibu hilo halikumsaidia mgonjwa wa siku hiyo peke yake. Aliyesikia mara tatu jinsi daktari anavyotenganisha homa ya uti wa mgongo na malaria kali, mara ya nne alijua aulize nini na aangalie wapi. Bila mtu yeyote kuliita hivyo, lilikuwa somo la mbali.

Miaka ya 1970 ilipokuwa ikimalizika, mkazo ulihama kutoka hospitalini kwenda kijijini. Mkutano wa Alma-Ata wa Septemba 1978 ulikuwa umetangaza kwamba afya ya msingi ndiyo njia ya kuwafikia wote. Karibu na wakati huohuo Amref ilianza mradi wa Kibwezi, eneo ambalo leo liko Makueni lakini wakati huo lilikuwa sehemu ya wilaya ya Machakos. Wanavijiji walichagua watu wao wenyewe, wakafundishwa kuzuia kuhara, kuchemsha maji, kufuatilia chanjo na kumtambua mtoto anayehitaji kukimbizwa kliniki. Baada ya miaka kumi, watafiti waliandika tathmini ya mradi huo katika jarida la kimataifa mwaka 1989, na Kibwezi ikawa jina la kutajwa vyuoni kila wahudumu wa afya ya jamii walipozungumziwa.

Amref ilichapisha pia vitabu vyepesi kwa watumishi wa vijijini, na katika miaka ya 1980 ikaendesha masomo kwa njia ya posta. Muuguzi au afisa wa kliniki alipokea kijitabu, akajibu maswali usiku kwa mwanga wa taa ya mafuta, akatuma karatasi Nairobi na kungoja irudi ikiwa imesahihishwa. Ulikuwa mwendo wa kobe, lakini wodi haikubaki tupu.

Hata anga za juu zilijaribiwa. Shirika la SatelLife la Marekani, lililoasisiwa na daktari wa moyo Bernard Lown, lilitumia setilaiti ndogo zilizopita juu ya Afrika mara chache kwa siku. Mtandao wake, HealthNet, ulifika Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1990. Setilaiti ilipopita, kituo cha ardhini kilirusha ujumbe wa maandishi na kupokea mwingine, zikiwemo dondoo za majarida ya tiba. Ulikuwa mlango mpya, lakini ulifunguka zaidi kwa vyuo na hospitali kubwa.

Mageuzi yaliyomgusa muuguzi wa kawaida yalianza Septemba 2005. Wauguzi wengi wa Kenya walikuwa wa ngazi ya cheti, na hao ndio waliobeba zahanati za mashambani. Ukimwi, dawa za kupunguza makali yake na malaria isiyosikia dawa za zamani vilidai ujuzi ambao cheti chao hakikuufundisha. Kulikuwa na takriban wauguzi 22,000 wa kupandishwa hadi stashahada, ilhali vyuo vilikuwa na nafasi kama 100 tu kwa mwaka kwa ajili yao. Kwa mwendo huo, wa mwisho angehitimu baada ya zaidi ya karne mbili.

Amref, Baraza la Wauguzi la Kenya, Wizara ya Afya na kampuni ya Accenture wakaamua masomo yamfuate mwanafunzi. Majaribio yalianza na vyuo vinne na wanafunzi 145, kisha vituo vya kompyuta vikaenea katika hospitali za mikoa yote. Kwa kuwa intaneti ilikuwa adimu, masomo yaliwekwa kwenye diski, na muuguzi aliyetoka zamu ya asubuhi aliingia chumba cha kompyuta mchana. Wengi walikuwa kina mama wa makamo ambao hawakuwahi kugusa kipanya. Waliweza kumzalisha mama kwa mwanga wa kandili, lakini walitetemeka mbele ya kioo wakihofu kukiharibu. Mafunzo ya kwanza, basi, yalikuwa ya kuwasha na kuzima mashine.

Vikwazo havikukosekana. Umeme ulikatika, diski zilikwaruzika, na mara nyingine ufunguo wa chumba cha kompyuta ulikuwa mfukoni mwa mkubwa aliyesafiri. Lakini waliobuni mpango hawakuikabidhi mashine kazi ambayo haiwezi. Kushona jeraha, kupima mlango wa kizazi na kumfufua mtoto aliyezaliwa bila kupumua vilibaki wodini, chini ya macho ya wakufunzi wenye uzoefu. Mtihani wa leseni nao ulikuwa uleule wa Baraza walioufanya wenzao wa darasani. Maelfu walihitimu huku wakiendelea kushika zamu zao.

Mwaka 2009 nyaya za SEACOM na TEAMS zilizopita chini ya bahari zilifika Mombasa, bei ya intaneti ikaanza kushuka, na chumba cha kompyuta kikahamia mfukoni. Amref ikaunda Jibu, programu ya simu kwa wauguzi na wakunga. Watafiti wa KEMRI-Wellcome Trust na Chuo Kikuu cha Oxford wakatengeneza LIFE, mchezo wa simu unaomweka mchezaji katika hospitali ya kuchora yenye mtoto aliyezidiwa. Afungue njia ya hewa kwanza au atafute oksijeni? Akikosea, mchezo humwonyesha kosa na kumrudisha ajaribu tena, kabla hajakutana na mtoto wa kweli saa nane za usiku.

Machi 2020 serikali ilifunga shule na vyuo kwa sababu ya korona. Vyuo vya afya vililazimika kuhamishia nadharia kwenye simu na kompyuta ndani ya majuma machache, jambo lililokuwa likijadiliwa kwa miaka mingi. Mwanafunzi aliyerudi kwao ndani ya Kitui Kusini alitafuta mahali palipoinuka ili ashike mtandao. Mazoezi ya vitendo yalingoja milango ifunguliwe.

Septemba 2023 serikali ilizindua mpango wa kuwapa wahudumu 100,000 wa afya ya jamii kote nchini mikoba ya vifaa pamoja na simu, wakiwemo wa Kitui na Makueni. Simu hizo hutumika kuandikisha kaya na kutuma taarifa, na pia humwongoza mhudumu hatua kwa hatua anapompima mtoto mgonjwa. Mrithi wa mwanakijiji wa Kibwezi wa miaka ya 1980 sasa ana mwongozo uliokuwa ukikaa kabatini kwa daktari.

Swali la zamani, hata hivyo, limegeuka sura. Leseni ya muuguzi haihuishwi bila alama za masomo endelevu, na alama hizo zinaweza kupatikana mtandaoni. Wodi haiachwi tena, lakini somo hufanywa baada ya zamu ya usiku, kwa bando lililonunuliwa na muuguzi mwenyewe. Ikiwa masomo hayo ni sehemu ya kazi, waajiri, yaani kaunti, misheni na serikali kuu, wanatakiwa waamue kama saa hizo na bando hilo vitaingia katika bajeti zao.