Prosesa ya Bei Chee Iliyotaka Ligi na Wakubwa

Wadau, Agosti 1998 Intel walitoa prosesa kadhaa kwa mpigo, zikiwemo Pentium II ya megahezi 450 kwa dola 669, na Celeron 300A ya megahezi 300 kwa dola 149 tu. Vijana wasio na hela wakashtukia kitu. Celeron ilizidisha mapigo ya bodi mara 4.5, ukiyatoa kwenye megahezi 66 ukayapeleka 100, mtoto wa dola 149 anakimbia 450!

Shughuli ilikuwa joto sasa. Wakafunga feni kubwa, wengine wakaongeza umeme kidogo, halafu gemu usiku kucha kuipima. Ikiganda katikati, unashusha. Nyingine ziligoma kabisa, bahati yako tu. Ukiiunguza je? Waranti hakuna, dola 149 ndo zimetoka hizo.